Kibati cha Jeep si Pambo

Ukipitia matangazo ya Jeep za Vita vya Pili vya Dunia zinazouzwa Marekani, Uingereza au Ufaransa, kuna jambo litakuchekesha. Gari lina zaidi ya miaka 80, limevuka bahari, limepigwa mvua na jua, lakini vile vibati vitatu vya taarifa kwenye mlango wa kisanduku cha dashibodi vinang'aa kama sufuria ya bi harusi. Namba zimenyooka mstari mmoja, kila tarakimu ina kina sawa na jirani yake. Muuzaji amevipiga picha kwa karibu, tena kwa fahari. Mimi hapo ndipo ninapoanza kulitilia shaka gari zima.

Kwa asiyezijua gari hizi: zilitengenezwa kati ya 1941 na 1945 na viwanda viwili vikubwa, Willys-Overland ya Toledo, Ohio, iliyoziita MB, na Ford, iliyoziita GPW. Jumla yake inapita 600,000. Zilifika kila palipopiganwa, hata Burma, ambako askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza) wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya matope yasiyo na huruma. Dereva aliyekalia Jeep kwa mara ya kwanza alisomeshwa na vibati. Kimoja kilimchorea namna ya kupanga gia na kuingiza magurudumu ya mbele. Kingine kilimpa mwisho wa mwendo kwa kila gia, na cha juu kabisa kilikuwa maili 65 kwa saa. Cha tatu ndicho kinachogombaniwa leo, kwa sababu kinabeba jina la kiwanda, namba ya gari, tarehe ya kukabidhiwa jeshini, uzito, mzigo, na hata oktani, yaani kipimo cha petroli kustahimili kulipuka kabla ya wakati: 68. Kwa oktani hiyo, gari lako la leo lingekohoa mpaka lizime.

Sasa basi, msimamo wangu. Kibati asilia kilichochakaa kiachwe kichakae. Kisomeke, kisafishwe, kilindwe na kutu, basi. Wapo watakaoniambia kwamba gari limepakwa rangi upya toka chesisi hadi boneti, hivyo kibati chenye makovu kitaonekana kama kiraka. Na kionekane! Rangi ni ya mwaka huu na kila mtu anajua. Kibati ni cha 1943, na katika gari lililofumuliwa likaundwa upya huenda ndicho kitu pekee ambacho mkono wa fundi wa leo haujakigeuza.

Kusafisha kwenyewe kunataka subira kuliko nguvu. Kabla ya yote, weka karatasi nyembamba juu ya kibati usugue kwa ubavu wa penseli, kisha kipige picha huku mwanga ukitokea pembeni. Tarakimu zilizozama chini ya rangi mara nyingi hujitokeza hapo, na hata ukija kuharibu kitu baadaye, ushahidi unao. Jeshini magari yalipuliziwa rangi tena na tena, na mpuliziaji hakuwa na muda wa kufunika vibati, kwa hiyo usishangae kukuta tabaka tatu au nne. Ziondoe moja moja kwa dawa ya kubandua rangi, kidogo kidogo kwa pamba. Ukimwaga nyingi, utaondoa pia ule weusi wa asili uliojaza nafasi kati ya herufi. Brashi ya waya usiikaribishe kabisa. Msasa nao hauna kazi hapo, isipokuwa pale weusi umeshakwisha wote na umeamua kuurudisha: unapaka rangi nyeusi, unaiacha ikauke sawasawa, halafu unapitisha msasa laini wa maji uliozungushwa kwenye kipande cha ubao ulionyooka, ili uguse vichwa vya herufi tu. Ukitumia kidole badala ya ubao, kidole kitazama kwenye mabonde na kung'oa ulichopaka.

Nakala sizichukii. Gari lililopoteza vibati vyake linahitaji nakala, na zipo zilizotengenezwa kwa ustadi. Ugomvi wangu uko kwenye namba. Namba ya Jeep haikukaa kwenye dashibodi peke yake. Kwa Willys kulikuwa na kibati kidogo kilichopigwa riveti upande wa ndani wa mhimili wa chesisi, mbele kushoto. Ford yeye aliigonga namba moja kwa moja juu ya chesisi, upande huohuo wa kushoto. Ukiipata hapo, na karatasi za gari zikakubaliana nayo, igonge kwenye nakala yako bila wasiwasi. Fanya hivyo mezani, juu ya kipande cha chuma kizito, kibati kikiwa bado hakijafungwa: muhuri mmoja, pigo moja. Pigo la pili huacha kivuli. Halafu geuza kibati, uandike nyuma yake kwa ncha ya chuma kwamba ni nakala, na mwaka.

Usipoipata namba, acha nafasi tupu. Najua inauma. Lakini wapo wanaochagua namba ya mwanzoni mwa uzalishaji kwa sababu magari ya mapema yana bei zaidi, wakaigonga kwenye gari la 1944. Marekani magari mengi ya aina hii yamesajiliwa kwa namba ya kibati, na sheria ya shirikisho inakataza kuondoa au kubadili namba ya utambulisho wa gari. Lakini hata sheria isingekuwepo, huo ni uongo wa mchana kweupe.

Ufaransa kuna hadithi nyingine inayoniudhi zaidi. Baada ya vita jeshi la nchi hiyo lilibaki na Jeep nyingi, na kwa miaka likazifumua na kuziunda upya katika karakana ya La Maltournée, karibu na Paris. Mwili wa Ford uliweza kutoka pale umekalia chesisi ya Willys. Hotchkiss nao wakatengeneza Jeep zao kwa leseni, zile zinazoitwa M201. Leo wanunuzi wanavua alama za Kifaransa na kubandika vibati vya Toledo ili gari lionekane limetua Normandy na majeshi ya Washirika mwaka 1944. Kwani miaka 20 ya utumishi katika jeshi la Ufaransa ina aibu gani?

Kuhusu kufunga, angalia kwanza matundu yanadai nini. Mengine ni ya skrubu ndogo, mengine, hasa kwenye malori, ni ya riveti za kugonga zenye hesi mwilini. Hizi za kugonga hutolewa kwa kusukumwa kutoka nyuma. Kama nyuma hakufikiki, chonga mfereji kichwani uzizungushe taratibu kama skrubu. Ukikimbilia drili, riveti itazunguka pamoja na ncha yake na kuchora duara kwenye kibati. Zile riveti za kuvuta kwa bunduki ya mkono, zenye tundu katikati, ziache kwa mabati ya banda.

Tundu hilo la katikati ndilo ninaloliangalia kwanza nikionyeshwa gari. Nikiliona, namwomba muuzaji tuiname pamoja, mbele kushoto, tusome chesisi. Akianza kunieleza kwamba kibati kinatosha, namshukuru kwa chai, naondoka.