Mruhusuni mwanafunzi kuugua

Wiki hii nimetumiwa mwongozo wa afya kwa wanafunzi wa vyuo, wa kutumika likitokea janga jingine kama la korona. Umepangwa vizuri, una michoro ya mikono yenye povu na mishale ya mahali pa kusimama. Nimeusoma wote nikitafuta jibu la swali moja: mwanafunzi akiamka na homa asubuhi ya mtihani, afanye nini? Halimo. Kunawa kumo, barakoa imo, kukaa mbali na wenzako kumo, hata kunywa maji ya kutosha kumo. Halafu ukurasa wa mwisho unamwambia mwanafunzi kwamba usalama wa chuo kizima uko mikononi mwake.

Hilo ndilo limenikera hadi nikaamua kuandika.

Nilikuwa chuoni kipindi cha korona. Chumba chetu kilikuwa cha watu wanne, vitanda viwili vya juu na chini, dirisha moja lenye kitasa kilichokufa. Usiku ungesikia mtu anakohoa ndani ya mto. Anabana pumzi, anasubiri, anakohoa tena polepole, na wengine watatu mnalala macho wazi gizani, hakuna anayeuliza. Asubuhi anavaa barakoa, anaoga, anakwenda darasani kama kawaida.

Ni rahisi kumwita mzembe. Lakini hebu piga hesabu aliyokuwa akiipiga yeye. Akisema anaumwa, atatengwa. Akitengwa, atakosa jaribio. Akikosa jaribio, atadaiwa cheti cha daktari ndani ya siku chache, na huyo daktari hawezi kumfikia kwa sababu ametengwa. Cheti kisipopatikana, alama ni sifuri, somo linarudiwa mwaka unaofuata, ada inalipwa upya na mzazi ambaye kazi yake imesimama kwa sababu ya janga lilelile. Wewe ungesema?

Na ugonjwa wenyewe hausubiri. Mwenye korona huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla hata hajajisikia vibaya, na siku za mwanzo za dalili ndizo anazoambukiza zaidi. Kwa hiyo siku ileile ambayo mwanafunzi anajishauri aseme au anyamaze ndiyo siku ambayo chuo kinahitaji kuliko zote aseme. Vitakasa mikono vyote vilivyopangwa mlangoni haviwezi kufanya kazi ya kijana mmoja anayesema mapema, "Jamani, leo sijisikii vizuri." Sasa sisi tumeweka kanuni zinazomwadhibu kwa kulisema, kisha tunabandika mabango ya kumsihi awe mkweli.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba vijana walifanya sherehe. Walifanya, na watu waliugua. Chuo Kikuu cha North Carolina kilichopo Chapel Hill, Marekani, kilianza masomo ya ana kwa ana Agosti 10, 2020, na wiki moja tu baadaye kikatangaza kuwahamishia wanafunzi wa shahada ya kwanza mtandaoni. Moja ya makundi ya kwanza ya maambukizi lilikuwa kwenye nyumba ya klabu ya wanafunzi, sibishi. Lakini mengine yalikuwa kwenye mabweni, mahali ambapo mwanafunzi analala kwa sababu amepangiwa alale hapo. Nani aliamua idadi ya watu kwa chumba?

Tulivyomtendea kijana kama mtuhumiwa ndivyo tulivyomfundisha kujificha. Pale Manchester, Uingereza, Novemba 2020, wanafunzi waliamka wakakuta uzio wa chuma umezungushwa kwenye mabweni yao bila kuelezwa vizuri ni wa nini. Waliung'oa usiku uleule, na chuo kikaomba radhi. Wiki chache kabla ya hapo, katika chuo kingine cha jiji hilohilo, wanafunzi wapatao 1,700 waliambiwa wasitoke mabwenini, na wengi wao walikuwa ndio kwanza wamefika kuanza mwaka wa kwanza. Mtu akishaona kwamba kujitenga kunafanana na kufungwa, hatanyoosha mkono kujitaja.

Kuhusu hewa nitasema kidogo, ingawa bado inaniuma. Machi 10, 2020, kwaya moja katika jimbo la Washington, Marekani, ilifanya mazoezi ndani ya ukumbi kwa muda wa saa mbili na nusu. Walikuwa watu 61. Waliothibitika au kudhaniwa kuambukizwa wakafika 53, na wawili wakafariki. Vyuo vingi viliendelea kufuta meza kwa dawa miezi mingi baada ya habari hizo, na madirisha ya kumbi za mihadhara yamefungwa. Fungueni madirisha. Kitasa kikifa, kitengenezwe siku hiyohiyo. Barakoa inayokaa vizuri puani ivaliwe ndani, chanjo ikipatikana mtu achanjwe, sabuni iwepo bombani, na hayo mengine mnayajua.

Wewe uliye chumbani sasa hivi, usisubiri uongozi. Kaeni wote mnaolala humo, siku ambayo hakuna anayeumwa, mkubaliane. Atakayejisikia vibaya amwambie nani kwanza? Nani atamchukulia notisi, nani atamwachia chakula mlangoni, na atakula kwenye vyombo vipi? Kama hakuna chumba cha kujitenga, kitanda kipi kitasogezwa dirishani, na wengine watageuza vichwa upande gani? Simu ya mzazi au mlezi wa kila mmoja iandikwe kwenye karatasi, maana simu ya mgonjwa ina nywila na mgonjwa anaweza kuwa hawezi kuongea. Na wote mzijue dalili ambazo hazingoji asubuhi: kuhema kwa shida, kifua kubana au kuuma bila kuacha, kuchanganyikiwa, midomo kubadilika rangi. Mkiziona, mnatafuta usafiri wa hospitali saa hiyo, mengine baadaye.

Mazungumzo hayo yanaweza kwisha kabla hamjamaliza kufua nguo za wiki. Kazi yake kubwa ni kumwondolea mtu aibu kabla hajaihitaji. Aliyekwisha kusikia wenzake wakisema "ukiumwa tutafanya hivi" hatakohoa ndani ya mto.

Upweke nao unaua raha ya kuishi taratibu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba wasiwasi na sonona viliongezeka kwa asilimia 25 duniani katika mwaka wa kwanza wa janga, na vijana waliguswa sana. Masomo ya mtandaoni yalitufanya tuwe majina kwenye skrini, kamera imezimwa, bando inakata katikati ya sentensi ya mhadhiri, na mtu aliyeacha kuhudhuria hakuna aliyemwona ameondoka. Mpigie aliyenyamaza kwenye kundi la darasa. Usimtumie ujumbe wa kumtia moyo, mpigie. Muulize amekula, amelala saa ngapi, jana aliongea na nani. Akijibu kwamba hajaongea na mtu, mpigie na kesho, na kama anasema hataki kuishi, usikae na siri hiyo peke yako hata kama amekuapisha. Mtafute mshauri wa wanafunzi, mlezi wa bweni, ndugu yake, yeyote mkubwa atakayekuja mwenyewe.

Narudi kwa wakuu wa idara, maana ufunguo wanao wao. Tarehe ya mtihani maalumu iwekwe kwenye ratiba tangu siku ya kwanza ya muhula, na mwanafunzi aliyesema anaumwa aandikwe huko bila cheti wakati wa janga. Alama za mahudhurio zisimamishwe. Mhadhara urekodiwe, hata kwa simu ya mhadhiri iliyowekwa juu ya meza. Aliyejitenga asipoteze nafasi yake ya bweni wala chakula chake.

Najua jibu litakalokuja, nimelisikia mara nyingi: watadanganya. Ndiyo, wapo watakaodanganya. Kila darasa lina watu wawili watatu ambao hawajasoma na wanatafuta wiki moja zaidi. Waacheni waipate. Kazi ya kutunga karatasi ya pili ni usumbufu, nakiri, na mhadhiri mwenye wanafunzi 400 hawezi kuifurahia. Lakini kanuni iliyotungwa ili kuwanasa hao wachache ndiyo iliyomwingiza mwenye homa ukumbini, akakaa saa tatu kati ya watu 200, dirisha limefungwa, na msimamizi wa mtihani mwenye umri wa miaka 60 akipita kati ya madawati kukagua vitambulisho.