Mafuta ya karai yasirudi karaini

Nimesoma habari yenu ya vijana wanaokusanya mafuta ya kupikia yaliyokwishatumika ili yageuzwe dizeli, nikafurahi kweli. Mimi nakaanga bhajia na viazi karai hapa Kongowea, Mombasa, mwaka wa tisa sasa. Mafuta yakichoka utayajua tu: yanakuwa meusi, yanatoa povu, na moshi wake unawasha macho. Kuna mtu alikuwa akija jioni na mtungi wa lita 20, ananunua na kuondoka. Nilipogundua anawauzia wakaangaji wengine, nikaacha kumpa. Hayo ni sumu kwa watoto wetu! Wengine humwaga mtaroni, yakagandamana na taka na maji ya mvua yakakosa njia.

Ombi langu kwa hao vijana: tufundisheni kuyachuja na kuyaweka mbali na maji. Ili yawe dizeli, mafuta hayo huchanganywa na methanoli (aina ya spiriti) na kostiki (magadi makali ya kutengenezea sabuni), gliserini, ule uteute mzito, ikatuama chini na dizeli ikabaki juu. Yakiwa na maji, au yamechomwa kupita kiasi, mnapata sabuni badala ya dizeli. Na bei iwe nzuri kuliko ya yule wa jioni, la sivyo yatarudi karaini.