Akihitimu mume, aulizwe mke

Kwenye makaratasi, hoja ya kuwashirikisha wanaume na wavulana katika kuzuia ukatili dhidi ya wanawake imeshashinda siku nyingi. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza mwaka 2017/18 kwa lengo la kupunguza ukatili kwa nusu ndani ya miaka mitano, uliweka mila na desturi kama eneo mojawapo la kufanyiwa kazi, na mila hazibadiliki wenye mila wakiwa nje ya chumba. Hapa Moshi, kaa kwenye kikao chochote cha maendeleo ya jamii. Utaisikia hoja hiyo kabla chai haijamiminwa. Hakuna anayeipinga kwa sauti.

Ubishi unaanza hela inapogawanywa. Kuna wanaosema tumewafundisha wanawake haki zao vya kutosha, sasa twende kwa anayepiga. Kuna wanaojibu, na wengi wao ni wanawake waliokaa na kesi hizi miaka mingi, kwamba kila shilingi inayokwenda kumbembeleza mwanaume aache kupiga imetolewa kwa mwanamke ambaye usiku wa leo hana pa kulala. Nawaheshimu wote, ila sitakaa katikati mpaka mwisho.

Hoja ya kwanza ina ushahidi wake, na Moshi yenyewe imechangia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walihoji wanawake 1,444 wa mjini hapa, wenye umri wa miaka 20 hadi 44. Katika kila 100, kama 21 walisema mwenza wao amewatishia, amewapiga au amewalazimisha kufanya naye tendo la ndoa ndani ya miezi 12 iliyotangulia. Anayeishi uswahilini hashtuki kwa idadi hiyo. Kilichonikamata mimi ni aina ya wanawake waliokuwa hatarini zaidi: aliyepata shida ya kushika mimba, aliyezaa watoto watano na kuendelea, ambaye mume ana mwanamke mwingine, na ambaye mume anatoa kidogo kwa gharama zake na za watoto. Rudi kwenye hiyo ya mwisho. Ni habari ya matumizi. Mume anayeacha matumizi ya kutosha haulizwi sana. Asiyeacha huulizwa kila jioni, na swali la hela iko wapi ndilo linaloamsha majirani mitaa ya Pasua na Majengo. Utafiti mwingine wa miaka ya karibuni uliwafuatilia wajawazito zaidi ya 1,100 wa Moshi ukakuta watatu katika kila kumi wamefanyiwa ukatili wa aina fulani na mwenza katika ujauzito huo, na waliopigwa walikuwa na hatari karibu mara tatu ya kujifungua kabla ya wakati.

Sasa mchukue mwanamke huyo umpe semina ya haki zake. Sheria iko upande wake tangu zamani: kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema kwamba hata mila iseme nini, hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Atarudi nyumbani na kifungu chake, atamkuta mwanaume yule yule ambaye hakuna aliyemwambia neno. Kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, ni cha ukoo wa mume. Mwenyekiti wa kikao cha ukoo ni shemeji yake. Aliyemfundisha haki amesharudi ofisini.

Hapo hoja ya kuwafuata wanaume inakuwa nzito, na mimi naikubali. Ila kuwafuata kwa namna gani?

Niliwahi kukaa na vijana wa bodaboda kwenye kijiwe kimoja karibu na soko la Mbuyuni, mtoa mada akiwa kijana wa kanisani mwenye kabrasha la picha: baba anaosha vyombo, baba kambeba mtoto mgongoni. Wakacheka. Mmoja akanigeukia mimi niliyekuwa nimekaa pembeni: "Dada, mama yangu mzazi akinikuta naosha masufuria, atasema nimelishwa limbwata. Na yeye mtamfanyia semina?" Swali lake lilikuwa zito kuliko kabrasha zima, na halikujibiwa. Kilichowaamsha ni pale mazungumzo yalipoangukia kwenye hesabu. Pikipiki ni ya bosi, jioni bosi anataka hesabu yake, mafuta yanataka yake, kinachobaki ndiyo matumizi, na siku nyingine hakibaki. Unaingiaje ndani ukamwambia mke leo sijapata, bila kuonekana mwanaume mzembe, bila kuanza kufoka kabla hujaulizwa? Walizungumza hilo mpaka abiria wakaanza kulalamika. Kabrasha halikuwa na ukurasa wa hesabu.

Niliondoka nikiamini kwamba wanaume wanaweza kuzungumza. Sikuondoka nikiamini kwamba usiku ule kuna mke aliyelala salama zaidi, kwa sababu sikumuuliza mke yeyote.

Na hapo kambi ya pili inaingia. Malalamiko yao madogo ni ya posho na viti vya mbele: mwanaume akisimama kusema hajawahi kumpiga mkewe ukumbi unamshangilia, wakati jirani aliyefungua mlango saa nane usiku akawaficha mama na watoto hata soda hapewi. Naona ni kero ya haki, lakini si ya kuvunja mradi. Malalamiko makubwa yanahusu matokeo. Afrika Kusini, katika jimbo la Eastern Cape, mafunzo ya Stepping Stones kwa vijana wa kike na wa kiume yalipimwa katika vijiji na mitaa 70, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Miaka miwili baadaye wavulana waliopitia mafunzo walisema wanafanya ukatili kidogo kuliko wenzao. Wasichana waliopitia mafunzo hayo hayo hawakusema kwamba wanafanyiwa ukatili kidogo. Labda wavulana walibadilika kwa wapenzi wengine, labda walijifunza jibu linalotakiwa. Kwa vyovyote, ukimuuliza mhitimu peke yake utapata alama nzuri.

Kambi hii ina pia karata ya Mwanza. Mradi wa MAISHA uliwaendea wanawake waliokuwa tayari kwenye vikundi vya mikopo, ukawapa mafunzo ya vikao kumi, wanaume hawakuitwa, na vipigo vikapungua. Kwa hiyo anayesema bila wanaume hakuna kinachowezekana anazidisha chumvi. Mwanamke mwenye mtaji kidogo, wenzake wa kikundi na maneno ya kusema ndani ya nyumba naye anasogeza mambo.

Lakini wanawake hawa wanajua jambo moja zaidi ambalo sioni likiandikwa kwenye maandiko ya miradi. Ukiwaita wanaume wetu kwenye meza ya ukatili, wanakuja na suluhu. Ndiyo kazi waliyolelewa kuifanya. Mke amepigwa, amekimbilia kwao Kibosho au Uru. Baada ya siku chache mume anatuma wazee, na wazee wanakuja na jani la isale, jani la kuombea msamaha na amani. Kwa Wachagga jani hilo halikataliwi hivi hivi. Anayelikataa anaonekana kajitafutia mkosi, na ndugu zake mwenyewe watamgeukia. Anarudi. Jalada lililofunguliwa polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, linakosa shahidi, fomu ya PF3 ambayo polisi humpa aliyeumizwa aende nayo hospitali inabaki kwenye mkoba wa mama mdogo, na wazee wanaondoka na mbege yao, pombe ya ndizi, wakiwa na hakika wamezuia ukatili. Ukiwapa fulana na jina la mabalozi wa mabadiliko, watafanya kazi ile ile kwa bidii zaidi.

Silidharau isale. Limezuia ndugu kukatana mapanga kwa sababu ya mpaka, na mimi nimelelewa kulisimamia kwa heshima. Ila liliwekwa kwa watu wanaoweza kutazamana usawa: kaka na kaka, jirani na jirani, kila mmoja ana kihamba chake cha kurudia. Mke anayeombwa msamaha kwa jani hana nyumba nyingine, watoto wako upande wa pili, na anayeomba ndiye mwenye ufunguo. Serikali nayo haiko mbali na tabia hii. Sheria ya Ndoa hiyo hiyo inataka, kwa kawaida, shauri lipite baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka. Kwa hiyo kama kuna mstari mmoja ambao ningeuandika kwa wino mwekundu kwenye kila mradi wa wanaume wa Kilimanjaro, ni huu: mwanaume aliyefunzwa hasuluhishi kesi ya kipigo. Anamsindikiza mwanamke dawatini, au anakwenda kukaa na mume ili mke apate nafasi ya kuondoka, basi.

Kinachonizuia kuhamia kambi ya pili moja kwa moja ni Rwanda. Mradi wa Bandebereho uliwachukua akina baba vijana na wanaosubiri mtoto, vikao 15, wake wakihudhuria 8 kati ya hivyo, wakizungumzia mimba, malezi, bajeti ya nyumbani, nani anaamua nini. Baada ya miezi 21 waliulizwa wanawake. Katika kundi la mradi, 33 kati ya 100 walisema wamepigwa katika mwaka uliopita. Katika kundi lisilopata mradi, 57. Tatu kati ya kumi bado ni nyingi mno, lakini tofauti hiyo imetoka kinywani mwa wake. Mradi mwingine wa huko huko, Indashyikirwa, ulikuwa na sehemu mbili. Mafunzo ya vikao 21 kwa wanandoa waliotoka kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, kama VICOBA vyetu, yalipunguza ukatili. Uhamasishaji wa jamii kwa ujumla haukuonyesha matokeo hayo. Mabango na maandamano yetu ya Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia yanafanana zaidi na sehemu ipi?

Ripoti nyingi ninazoona huishia kwenye idadi ya wanaume "waliofikiwa". Kufikiwa ni kusaini karatasi ya mahudhurio. Ningependa mke aulizwe, siku nyingine, na mwanamke ambaye hakuendesha semina, mume akiwa kazini, na jibu likiwa baya pawe na mahali pa kumpeleka siku hiyo hiyo. Hilo linagharimu, na ndipo ninaposimama na kambi ya pili kuhusu hela: kama fungu ni moja na haligawanyiki, aliyepigwa jana anahudumiwa kwanza, semina ya wanaume isubiri. Kama haliwezi kulipia nauli ya shahidi kwenda mahakamani, halina sababu ya kulipia fulana.

Kwa wavulana nina subira zaidi. Siku hizi ukitaja wasichana tu, mtu atakurushia kwamba mtoto wa kiume amesahaulika. Wengi husema hivyo kwa kukereka tu, lakini kuna ukweli ndani yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili kwa watoto ulikuta karibu robo tatu ya wavulana, na karibu robo tatu ya wasichana, wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18. Shuleni viboko viko kisheria; kanuni zinamtaka mwalimu mkuu asimamie na visizidi vinne, na kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anajua hesabu hiyo inavyoheshimiwa. Mvulana anafundishwa miaka saba kwamba anayekupenda anakuchapa ili unyooke, halafu jioni moja tunamkalisha na kumwambia mkewe asichapwe. Katika utafiti wa taifa wa afya wa 2015/16, wanawake 58 kati ya 100 walikubali kuna sababu zinazomhalalisha mume kumpiga mke. Wanaume walikuwa 40. Wapo wanaoitumia takwimu hiyo kusema wanawake ndio tatizo. Mimi naona ni watu waliopita kwenye fimbo moja, na sina uhakika wale wanaume waliobaki walijibu walichoamini.

Madarasa ya kipaimara yangefaa sana hapa. Ni mkoa wa makanisa, mvulana anahudhuria kwa miezi mingi, hakuna posho, na mwalimu anawajua wazazi wake. Yangefaa pale tu mwalimu mwenyewe ameweka fimbo chini.

Halafu kuna suala la kalenda, ambalo nashangaa halizungumzwi. Siku 16 huisha tarehe 10 Desemba. Wanaume wa Kilimanjaro walioko Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko huanza kupanda nyumbani baada ya hapo, mabasi yakiwa yamejaa na mabango yameshashushwa. Walioitwa ukumbini Novemba ni waliobaki, wengi wao wakiwa ndio wenye hela kidogo na sauti ndogo kwenye ukoo. Wanaosikilizwa hufika na Krismasi. Ndipo inapoulizwa nani kajenga na nani hajajenga, nani kamletea mama nini, mipaka inapimwa upya, mbege na bia vinaanza asubuhi, na mke aliyekuja na mume kutoka mjini yuko mbali na kila mtu anayemfahamu.

Kikao cha ukoo cha siku mbili tatu baada ya Krismasi kina wanaume wote tunaowatafuta mwaka mzima, wamekuja kwa nauli zao. Ajenda zinajulikana: kaburi la babu, mchango wa barabara, ada ya yatima. Kuongeza moja, kwamba mke wa ukoo huu akipigwa hapelekewi jani kabla hajapelekwa hospitali na polisi, kunahitaji mzee mmoja mwenye uzito na dakika kumi. Kunahitaji pia wake wenyewe wawe kwenye viti wakati inajadiliwa, badala ya kuwa jikoni na masufuria ya mtori. Wazee ninaowagusia jambo hili hulikubali la kwanza haraka. La pili wanasema tutaliangalia.