Lowassa na kesi ambayo haikusikilizwa

Juzi kijiweni vijana wawili nusura washikane mashati kwa ajili ya marehemu Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani. Mmoja anasema alikuwa fisadi, mwenzake anasema alitolewa kafara. Nikawauliza nani kati yao ana hukumu ya mahakama. Kimya. Haipo, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mwaka 2006 nilikuwa kinyozi. Mabwawa yamekauka, umeme wa mgawo, mashine imelala mezani mchana kutwa, mteja anachungulia na kuondoka. Serikali ikaingia mkataba wa dharura wa kufua umeme na kampuni ya Richmond, megawati 100, na umeme haukuja kwa wakati. Februari 2008 Kamati Teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ikasoma ripoti: kampuni haikuwa na uwezo, na Waziri Mkuu akatajwa. Lowassa akalalamika kwamba kamati haikumhoji, akajiuzulu. Mawaziri Karamagi na Msabaha nao wakajiuzulu, Baraza la Mawaziri likavunjwa. Mtaani kwetu tulishangilia.

Tulishangilia nini? Kama alikosa, tulistahili kumwona kizimbani, mashahidi wakihojiwa, nyaraka zikisomwa mbele ya wote. Kama hakukosa, yeye ndiye aliyestahili kusafishwa na hakimu, si na wapambe. Hakushtakiwa. Alitembea na tuhuma hiyo miaka 16, hadi alipofariki Februari 2024. Kujiuzulu ni uwajibikaji wa kisiasa, nakubali, na wachache wamewahi kufanya hivyo nchini kwetu. Lakini hakumwambii mlipa kodi fedha zake zilikwenda wapi. Mkataba wenyewe ulihamia kampuni ya Dowans, nao wakaishtaki TANESCO, shirika la umeme la taifa, kwenye usuluhishi wa kimataifa na kushinda.

Pasipo hukumu, kila chama kilimsoma kilivyotaka. Chadema, wapinzani, walimtaja kwenye orodha ya mafisadi pale Mwembeyanga 2007, kisha 2015 wakampa tiketi ya urais, akapata kura zaidi ya milioni sita. Dk. Slaa wa Chadema, aliyeisoma orodha ile, akajitoa kwenye siasa za vyama. Mwaka 2019 Lowassa akarudi CCM, chama chake cha zamani, wakampokea.

Kazi alifanya, sikatai. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Kahama na Shinyanga, na shule za kata alizisukuma kwa nguvu. Kijana aliyekuwa akimtetea kijiweni amesoma shule ya kata. Anampenda kwa hilo, simlaumu. Ila mwenzake alipomuuliza kuhusu Richmond, hakuwa na la kumjibu.