Uvimbe wa mfupa Bukavu: sindano au kisu?

“Mkiuchokoza utasambaa.” Maneno haya husikika Bukavu kila familia inapoambiwa kwamba, kabla ya dawa yoyote, uvimbe wa paja au goti utachomwa sindano ili kitolewe kipande cha kupimwa. Kuna madaktari wanaoyacheka. Mimi siyacheki, maana yana chembe ya ukweli.

Kwa saratani za mifupa na misuli, seli zinaweza kubaki kwenye njia ya sindano. Hutokea kwa nadra, lakini ndiyo sababu njia hiyo huchaguliwa mapema, ili mpasuaji aje kuiondoa pamoja na uvimbe wenyewe. Sindano ikipita upande usiofaa, mguu ambao ungeokolewa unaweza kukatwa. Mwaka 1996 Mankin na wenzake, wapasuaji wa Marekani, walichapisha hesabu ya wagonjwa 597: utambuzi ulikosewa kwa asilimia 17.8, na 18 walikatwa kiungo bila ulazima. Makosa na madhara yaliongezeka mara 2 hadi 12 pale kipande kilipochukuliwa na hospitali ambayo siyo iliyotibu. Kwa hiyo swali langu la kwanza ni nani anachoma.

Kisu, yaani kupasua ili kuchukua kipande hicho, nacho kina watetezi wake. Hutoa kipande kikubwa, na msomaji wa maabara hufurahi. Ila kinadai kidonda, kitanda, mara nyingi na usingizi wa dawa, na damu inayovuja huweza kubeba seli mbali zaidi kuliko sindano. Sindano inataka ganzi tu, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingine nyama haitoshi, inabidi kurudia.

Halafu kuna suala la macho, yaani mashine ya kuiongoza sindano. Ekografia (ultrasound) huona vizuri misuli, na hata uvimbe uliokwisha kutoboa mfupa, lakini haipenyi mfupa ambao haujatobolewa. Hapo inatakiwa skana (CT). Penye ekografia peke yake, uvimbe uliojificha ndani ya mfupa usichomwe kwa kubahatisha.

Jambo moja dogo huharibu kazi yote: chupa. Huku kwetu uvimbe wa mfupa unaweza kuwa kifua kikuu, siyo saratani. Kipande chote kikitumbukizwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, vijidudu hufa na haviwezi tena kuoteshwa. Sehemu moja iende kwenye maji ya chumvi safi, nyingine kwenye formalini, na picha ya eksirei iambatane nazo, kwa sababu anayesoma mfupa bila picha anasoma nusu.

Mimi niko upande wa sindano, kwa sharti moja: atakayepasua aulizwe kwanza. Kama yuko Kigali au Kinshasa na mgonjwa hana nauli, picha zimfikie kwa WhatsApp, aseme ichomwe wapi. Akichelewa kujibu, asubiriwe.