Katrekta kamenyoosha mikono juu, kamegoma kushusha

Jamani kuna ugonjwa huku Hombolo sijui kama na kwenu upo. Trekta likitembea mi ni bosi, "bosi usinisahau na ekari zangu mbili", likisimama tu kila mtu fundi, mpaka yule jamaa wa kijiweni ambaye baiskeli yake mwenyewe anaisukuma toka mwaka juzi, mnyororo ulimshinda.

Na msimu wenyewe ndo huu. Sisi Dodoma mvua yetu ni moja, inaanza mwezi wa 12 kwa kujivuta, mwezi wa 4 imeshaaga, kwa hiyo ardhi ikilowa tu watu wote wanataka kulimiwa siku moja, mwenye mtama, mwenye alizeti, na huyu wa mahindi ya kubahatisha. Ndo siku hiyohiyo katrekta kangu, haka kadogo ka mtumba ka Kijapani, kakaamua kunyoosha mikono ya nyuma, ile inayobeba plau, juu kama mtu aliyekutana na polisi usiku, kakagoma kushusha. Unasukuma leva mbele, unavuta nyuma, inacheza bure. Plau inaning'inia hewani na chini ya siti kitu kinalia nyiiiiii bila kupumua, yaani mlio ambao hata kama mashine huzijui, ukiusikia unashika mfuko.

Jirani yangu hajashuka hata kwenye bodaboda, "Pampu hiyo kaka, imekufa." Sasa pampu imekufa halafu plau imepandaje juu, imepanda kwa maombi? Pampu ikifa jembe linalala chini, hili langu limepanda halitaki kushuka. Hajajibu, kaondoka na kichwa anatikisa, ananihurumia. Mwingine kasema oili chafu, mwaga yote. Mwaga yote kwa mdomo ni rahisi, hizi trekta ndogo oili ya haidroliki, ile inayonyanyua mikono, ndo hiyohiyo ya giaboksi, ni kama dumu zima la lita 20, na yeye anayesema mwaga hajasema atanunua nani. Wa tatu kaja na nia njema kabisa, kaleta pini za kushikia plau za trekta lake kubwa, eti tubadilishe kwanza za kwangu zimeisha. Pini zangu za chini milimita 22, zake 28, zinaingia wapi sasa mzee mwenzangu.

Babu mmoja ndo kanimaliza. Kanisalimia vizuri, nikamwamkia, akakaa kwenye jiwe, akasema, "Mjukuu wangu, Wazungu wenyewe trekta ziliwashinda pale Kongwa." Ni kweli, Waingereza walianza yale mashamba ya karanga mwaka 1947, udongo ukikauka unakuwa mgumu karanga hazitoki, mwaka 1951 wakaacha, pauni milioni 36 hizooo. Lakini babu, mi nina plau hewani na wateja kwenye simu, Kongwa inanisaidia nini saa hizi?

Na simu nayo. Kuna mama mmoja analima alizeti, anapiga kabla jogoo hajawika. "Kaka trekta vipi?" Mama shikamoo, linatengenezwa. "Haya, maana ardhi inakauka hii." Nusu saa tena, "Kaka vipi?" Mama watoto akaanza kuniangalia vibaya, huyu anayepiga alfajiri ni nani.

Nikaita kijana wa gereji kutoka mjini. Huyu hakusema kitu, nikapata wasiwasi, nimezoea mafundi wanaoanza na bei. Kitu cha kwanza kaweka gogo chini ya plau, maana likiporomoka hilo halichagui mguu wa nani. Kawasha tochi ya simu, kalala kifudifudi nyuma ya siti, kaniita. Kachuma kembamba, kakubwa zaidi ya kidole kidogo tu, kanatoka kwenye mkono wa kunyanyulia kanaenda kwenye vavu. Kamekatika kwenye thredi. Hako tu!

Akanielekeza. Ukivuta leva vavu inafunguka, oili inasukuma pistoni, mikono inapanda, sasa hako kachuma ndo kazi yake kurudi kuiambia vavu imetosha, funga. Kakikatika vavu haiambiwi kitu, inaendelea kupokea oili mpaka vavu ya usalama ifunguke, ndo ule mlio. Na leva inakosa pa kuegemea, ndo maana inacheza bure. Pampu nzima, oili nzima.

Duka la spea wakataka sampo, nikapeleka sampo, wakaigeuzageuza, wakasema mpaka waagize Dar, na bei waliyotaja nikauliza kama ni ya kachuma au ya trekta. Nikaenda kwa mchomeleaji. Huyu naye fundi wa mageti, kila kitu kwake geti. Kaunganisha, kajaza moto mpaka kachuma kana uvimbe, "Hii haikatiki tena maisha yako yote bosi." Sikatai. Ila kimerudi kifupi.

Kijana akaguna tu, akakafunga kachuma, akawasha injini taratibu, kapandisha leva juu mwisho, nyiiiiii ileile. Akalegeza nati, akazungusha kidogo, akasikiliza, akazungusha tena, jua la saa saba linatuchoma, wale madaktari wa pampu wamerudi wote wamesimama kivulini. Mlio ukakata. Akashika mkono wa nyuma akaunyanyua kwa nguvu zake, ukapanda kidogo tu, akasema hiyo nafasi ndo inatakiwa. Akasukuma leva, plau ikashuka taratibu kama hakuna kilichotokea. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema pampu imekubali.

Sasa trekta zima, dizeli imejaa, mimi mwenyewe nimevaa buti. Mvua imekata. Nampigia yule mama wa alizeti, inaita weee, mara ya pili ndo kapokea, sauti ya pole kabisa: "Kaka ngoja kwanza, tunaangalia mawingu."