Kujinyima ni kwa aliye nacho

Kuna hii tabia ya kuwaambia watu wenye dhiki "jinyimeni" imeshika kasi sana siku hizi, kwenye semina za ujasiriamali, kwenye status, hadi kwenye vikoba, na inanikera kwelikweli kwa sababu hilo neno halina maana hiyo.

Kunyima kunataka mtu awe na kitu kwanza. Wahenga walisema akunyimaye mbaazi kakupunguzia mashuzi, yaani mbaazi anazo ila hatoi. Sasa ukiiweka ile -ji- mnyimaji na mnyimwa wanakuwa mtu yuleyule: hela ninayo, soda naitamani, ila nakunywa maji ili ada ya mtoto itimie. Huko ndiko kujinyima. Lakini anayekatiza kwa mguu toka Kariakoo mpaka Buguruni jua la saa nane kwa kuwa hana hata nauli, huyo hajajinyima daladala, huyo amekosa, na ukimsifia eti ana nidhamu ya fedha unamdhulumu.

Mama anayewapakulia watoto wali wote, yeye akabaki anakwangua ukoko huku anasema nimeshiba, huyo kajinyima hasa, maana mwiko alikuwa ameushika yeye.

Hata sisi kama taifa tulishayapitia haya. Baada ya vita vya Kagera Mwalimu Nyerere aliwaomba Watanzania wafunge mkanda kwa miezi 18, na watu wakaitikia, maana mtu akiombwa na akajua ni kwa ajili ya nini anaweza kujitoa. Ila miezi 18 ikaisha, miaka ya themanini ikaingia, sabuni foleni, sukari foleni, na hapo jamani tusiite tena kujinyima, unajinyimaje sabuni ambayo dukani haipo?

Pwani wana neno lingine, kujihini, zuri sana ila vijana wengi hawalijui tena, nalo pia mtu anajihini alichonacho.

Kwa hiyo wewe unayetaka kumfundisha mtu kubana matumizi, kaa naye kwanza, muulize akishalipa kodi ya chumba, akanunua unga na mkaa, anabakiwa na shilingi ngapi. Kama hakuna kinachobaki muongelee kipato chake, au waongelee wanaomlipa, soda yake muachie.